Kikombe cha Rafu ya Juu

Mkono wangu huu wa kulia umeshona kola za mashati ya shule kwa miaka ishirini na miwili. Naujua kama ninavyowajua wanangu. Lakini Jumamosi moja, saa tisa za mchana, jua linawaka na mlango uko wazi, mkono huu ulifanya jambo ambalo sikuutuma. Mpaka leo nikiutazama nashtuka, kama mtu aliyelea mbwa mpole, analala miguuni pake, halafu siku moja akamrukia mgeni.

Nianze na huyo mgeni.

Kiwandani tunamwita Kastabini, kwa sababu ile kofia ndogo ya chuma ya kukinga kidole na sindano haimtoki. Anakula nayo, anasalimia nayo, akijikuna sikio unasikia chuma kinakwaruza. Cherehani yake ilikuwa ubavuni mwa yangu, safu ya pili, karibu na dirisha. Mimi natia kola, yeye anatia vifungo. Miaka yote hiyo shati likitoka mikononi mwangu linaingia mikononi mwake, likiwa bado na joto la mguu wa mashine.

Mimi wananiita Bibi Tega, maana siwezi kumaliza saa nzima bila kitendawili.

"Kitendawili!" nasema, miguu ikiendelea na kazi.

"Tega!" anajibu bila kuinua kichwa.

"Nampiga mateke mchana kutwa, anakimbia, na hajaondoka alipo."

"Cherehani. Hicho umekitega tangu sijaota mvi. Umechakaa, mwenzangu, tukutie kiraka?"

"Haya, hiki. Askari saba, kila asubuhi kila mmoja anapita mlango wake. Jioni wote wanarudi, hakuna aliyekwenda popote."

Hapo anajikuna sikio, krr, krr. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua. Nakupa huu wote, na barabara zake mbovu."

"Vifungo vya shati! Umekaa navyo mapajani na hujavijua!"

Safu nzima inacheka. Na siku nikishindwa mimi, anapodai mji, nasema, "Niutoe wapi, mwenzangu? Mji wenu, mimi sina hata kiwanja." Wanacheka zaidi. Na mimi nacheka. Ila hicho kicheko cha pili kila mara kilikuwa na mfupa ndani yake, na nilikuwa naumeza nikiwa natabasamu.

Maana Kastabini ni wa Wenyewe.

Sisi ni wachache. Babu zetu walikuja hapa wakazikwa hapa, baba zetu wakazaliwa hapa wakazikwa hapa, na mimi kaburi langu liko hapahapa linanisubiri. Hata hivyo nikifungua mdomo sokoni, mtu anasikia lafudhi yangu anauliza, "Hivi nyie hasa ni wa wapi?" Wao ni wengi. Nyumbani hatuwaiti kwa jina la kabila lao, tunawaita Wenyewe. Wakisikika kwenye ngazi, mtu ananong'ona, "Wenyewe hao," na redio inapunguzwa, na watoto wanabadilisha lugha kama mtu anavyogeuza nguo.

Fundi yeyote anajua kitambaa kina upande wa mbele na upande wa nyuma. Upande wetu wa mbele ulikuwa shikamoo, karibu, ahsante, samahani. Upande wa nyuma, mlango ukishafungwa, ulikuwa mambo mengine. Wenyewe hawaaminiki. Wenyewe hawaogi vizuri. Mwenyewe akikuchekea, hesabu meno yake, halafu hesabu na yako. Hayo nimeyanyonya kwa mama yangu, nikawanyonyesha wanangu, na wajukuu nikawachovyea mkate humo.

Tena nitasema lingine, ingawa linaniaibisha. Kiwanda kilipotafuta msimamizi, kila mmoja aliandika jina kwenye karatasi. Kulikuwa na binti wa kwetu, fundi hodari, mkono mwepesi. Kulikuwa na kijana wa Wenyewe ambaye hata kubadilisha bobini alikuwa anaita mtu. Niliandika jina la yule kijana. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijiambia, wetu hawajazoea kuongoza, atatutia aibu mbele za watu. Kijana akapita. Jioni nyumbani nikapiga makofi ya hasira: "Mnaona Wenyewe wanavyopendeleana?"

Sasa kikombe.

Jikoni kwangu kuna kabati la vyombo lenye rafu nne. Kwenye rafu ya juu, peke yake, kilikaa kikombe cheupe chenye mstari wa dhahabu mdomoni na ua la bluu ubavuni, na kisahani chake. Kilikuwa cha mama yangu. Kila nyumba ya kwetu ina kikombe cha namna hiyo, kizuri kuliko vyote, na kila mtoto wa kwetu anajua sheria yake kabla hajajua kusoma. Mwenyewe akiingia, anapewa hicho. Akiondoka, kinaoshwa peke yake, kwa dodoki lake, kinafutwa kwa kitambaa chake, kinarudishwa juu. Wa nyumbani hatii mdomo hapo. Mgeni akikiona anaona heshima. Sisi tulijua ni ukuta, tumeupaka dhahabu.

Siku ya kwanza Kastabini alipokuja kwangu, alikishika kwa mikono miwili, chuma cha kidole kikagonga, ti.

"Yote haya kwa ajili yangu?"

"Mgeni ni mgeni," nikamwambia.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Akiingia tu, hata viatu hajavua, "Nipe kikombe changu!" Miaka ishirini. Nikawa napanda stuli nakishusha, tunakunywa chai, tunasengenya kiwanda kizima, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Nampenda Kastabini. Naomba mlishike hilo, kwa sababu linalofuata halifanani nalo.

Jumamosi ile alikuja mbiombio. "Sikai, mwenzangu, nimesahau mkasi wangu hapa, naupitia tu." Mezani alikuwepo mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, yuko mwaka wa mwisho wa masomo ya unesi, ndiyo maana nyumbani tunamwita Nesi. Alikuwa na daftari zake na kikombe chake cha plastiki. Mbele yangu kulikuwa na kikombe changu cha bati, kimejaa maji hadi juu. Kwa kuwa mgeni alisema hakai, sikupanda stuli.

"Ala! Na kidonge cha presha sijameza tangu asubuhi," Kastabini akasema. Akafungua fundo la leso, akatoa kidonge kikubwa cheupe, akakitupia mdomoni kikavu. Ndiyo tabia yake, hata kiwandani nilimgombeza.

Kikamkwama.

Kwanza alicheka, kidogo, kama mtu anayejistahi. Halafu akakohoa. Halafu hakukohoa tena, mdomo wazi, macho yametoka, machozi yanamtiririka. Mkono wake ukaruka kwenye kitu kilichokuwa karibu, kikombe changu cha bati. Vidole viligusa mkono wa kikombe. Nilisikia chuma kwa bati, ti.

Nikakivuta.

Nilikivuta kwa nguvu, kama mtu anavyomvuta mtoto asiguse jiko. Maji yakanimwagikia kwenye gauni. Nikasema, tena kwa sauti, nasikia mpaka leo, "Ngoja! Ngoja nikupe chako!" Nikakimbilia stuli, nikapanda, nikanyoosha mkono rafu ya juu.

"Bibi!" Nesi akapiga ukelele.

Nilipogeuka, mjukuu wangu alikuwa ameshamshika Kastabini mgongo, amemwekea mdomoni kikombe chake cha plastiki. Koo likapanda, likashuka. Kidonge kikapita. Pumzi ikarudi kwa mlio kama kitambaa kinachochanwa.

Na mimi niko juu ya stuli, nimeshika kikombe chenye mstari wa dhahabu.

Kastabini alijifuta macho kwa leso. Akakitazama kikombe cha plastiki. Akatazama cha bati, nilichokiacha ukingoni mwa meza, mbali naye. Kisha akaniangalia mimi juu kule, na kile nilichoshika. Nikaona kitu kinapita usoni mwake, polepole, kama mtu anayefumua mshono wa miaka ishirini, uzi mmoja baada ya mwingine.

"Ulikivuta," akasema.

"Nilikuwa nataka..."

"Nakabwa, na ulikivuta."

Akainuka, akatoka. Mkasi wake ukabaki mezani. Nilimsikia akishuka ngazi, anashika ukuta.

Sikujua nishukeje. Nesi akaja kunishika kiuno, akanishusha. "Bibi, mtu akikabwa hana dakika za kungojea," akasema. Hakuniambia kwa ukali, na hilo ndilo liliniumiza.

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Sikujua kwamba nitakivuta."

Huo ndio ukweli wangu wote. Ningeapa mbele ya Mungu asubuhi ile kwamba ningempa Kastabini figo. Figo! Na maji nikamnyima.

Lakini subirini, aibu haijaisha. Mnajua jambo la kwanza nililofanya nilipotulia? Sikulia. Sikumkimbilia. Nilifunga mlango, nikafunga dirisha, nikavuta pazia.

"Atawaambia," nikamwambia Nesi. "Atawaambia Wenyewe wenzake. Kesho usitoke. Na mtihani wako, wasimamizi si wote ni wao? Watakufelisha. Loo, nimekuponza, mwanangu."

Nesi akafunua pazia. "Bibi, umemnyima maji rafiki yako. Halafu unayemwogopa ni yeye?"

Nikalivuta pazia tena. 

Jumatatu nilifika kiwandani mapema. Mahali pa cherehani ya Kastabini palikuwa na sakafu tupu, na alama nne za miguu ya mashine kwenye vumbi. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa safu ya mwisho, karibu na stoo, amenipa mgongo.

"Ameomba mwenyewe," msimamizi akaniambia. "Anasema jua la dirishani linampiga. Miaka yote hiyo halikumpiga, leo limempiga. Nyie wanawake!"

Mashati yangu yakawa yanaenda kwa msichana mwingine. Nikangoja. Kila walipoinamiana Wenyewe wawili, nikasema moyoni, ndilo hilo. Kila aliyecheka, ananicheka. Nilipokwenda msalani nilitembea kando ya ukuta. Jumatano mkataji nguo, mwanamke wao mmoja mnene mwenye sauti kubwa, akanijia na mkasi wake mkubwa mkononi. 

"Bibi Tega!"

"Naam, dada."

"Mbona hutegi? Wiki hii kazi haiendi. Au vitendawili navyo vimepanda bei?"

"Vimeniishia," nikasema.

"Basi kaazime!" Akaenda zake akicheka.

Ilipofika Ijumaa ndipo nilipoelewa. Hakumwambia mtu. Hata mmoja. Amekaa na jambo lile peke yake, amelibeba hadi safu ya mwisho, akalikalia. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka juu ya stuli. Nilimjua mwanamke huyu miaka ishirini na miwili. Najua jino lake gani linauma. Na wiki nzima nilimngojea aniumize, kama ambavyo ningemngojea mtu nisiyemjua kabisa. Kumbe kichwani mwangu hakuwa Kastabini. Alikuwa mmoja wao.

Jumamosi saa tisa ikafika. Hakuna "nipe kikombe changu". Chai ikapoa.

"Nenda kwake," Nesi akasema.

"Nitakwenda."

"Sasa hivi, Bibi."

Nikavaa viatu. Nikafika mlangoni, nikasimama. "Nesi," nikasema, "sijui anakoishi."

Mjukuu wangu akanitazama kana kwamba nimemwambia sijui jina langu. Miaka ishirini anakuja kwangu! Si kwamba hakunialika. Aliozesha binti yake, mguu wangu ukauma. Alifiwa na mumewe, mguu ukauma, nikatuma rambirambi kwa mkono wa watu. Alipata mjukuu, mguu ule ule. Mguu wangu ulikuwa na akili kuliko kichwa. Ulijua siku za kuuma.

Nikakifunga kile kikombe katika kitambaa cha shati, nikachukua na mkasi, nikatoka nikiuliza njia. Watu walinielekeza vizuri tu. Mmoja alinisindikiza hadi kona. Nilikuwa nimebana kifurushi kifuani kama mwizi.

Ilikuwa nyumba ya ngazi nyembamba, ghorofa ya pili, mlango umepakwa rangi nusu ikaisha. Aliyefungua ni mwanamke aliyefanana naye, dada yake mkubwa. Akaisikia salamu yangu, akaisikia na lafudhi yangu, akatoa macho.

"Wewe ndiye wa kikombe!"

 Nikasema, basi, hapa ndipo.

"Karibu! Karibu ndani, dada yangu! Jamani, hatimaye! Mdogo wangu ametuchosha na wewe. Tukikaa hapa watu wakaanza kusema, samahani lakini, wakaanza kusema wale watu wa kwenu wanatudharau, wanatununia, yeye anasimama katikati ya chumba: 'Nyamazeni! Mimi kule nina kikombe changu, cha dhahabu, hakuna mwingine anayekitumia!' Kila siku kikombe, kikombe. Kaka yetu siku moja alimwambia akale basi na hicho kikombe." Akacheka, akanishika bega. "Ingia. Wiki hii amekaa tu, hasemi. Labda wewe utamchekesha."

Sikuziona hatua zangu mpaka chumbani.

Kastabini alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Kidole kilikuwa kitupu. Kwa mara ya kwanza nilikiona kidole kile bila chuma: cheupe, kimejikunja, kama kitu kilichotolewa kwenye ganda lake. Dada yake akaweka jagi la maji na glasi kwenye stuli, akatuachia mlango wazi.

"Nimekuletea mkasi wako," nikasema.

"Weka hapo."

Nikaweka. Nikafungua kitambaa. Alipoona mstari wa dhahabu, akageuza uso ukutani.

"Hicho cha nini?"

"Nataka nikueleze."

"Eleza."

Nikamweleza. Nilikuwa na miaka sita, nimeshika sketi ya mama yangu mlangoni kwetu. Mwanamume mmoja wa Wenyewe alipita, jua kali, akaomba maji. Mama akampa kwenye kikombe chetu cha bati. Akapokea, akamtazama mama, akatazama kikombe, akayamwaga yote kizingitini. Halafu akatema mate juu yake, akaenda.  Mama alichukua ufagio akafagia maji, na maji hayafagiliki. Kesho yake alileta kikombe cha dhahabu. "Hawatayamwaga tena," akasema. Alikuwa anatafuta heshima tu, maskini. Lakini miaka ikaenda, akaanza kusema, "Wasituchafulie vyetu." Sijui ni siku gani maneno yaligeuka. Fedheha ilikaa sana kabatini, tukaja kuikuta imekuwa kinyaa. Mimi nikairithi pamoja na kisahani chake.

Nikamaliza hapo. Kule nje dada yake alikuwa anapiga soga na jirani.

"Mimi nilimwaga maji?" Kastabini akauliza.

"Hapana."

"Miaka ishirini nimekunywa kwako. Nimeacha hata tone?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unamnywesha nani, mimi au yule bwana?"



Akachukua jagi, akamimina maji katika kile kikombe.  Akanisogezea.

"Kinywee."

Nikakipokea. Nilikuwa tayari. Kuomba radhi kulinileta, sasa kunywa maji ndiyo kunishinde? Nikakiinua. Kikafika mdomoni, na midomo ikagoma. Haikufunguka.  Kikombe ninachokiosha mwenyewe, kwa dodoki na maji ya moto! Hakuna kikombe safi kuliko hicho katika nyumba yangu! Na mwili wangu wote ulikikataa kama wali ulioanguka chooni. Niliinua macho kumtazama, nikitaka anisaidie, na nikaona ameweka kiganja mdomoni.

"Kumbe ni kweli," akanong'ona. "Wiki nzima nilijiambia labda niliona vibaya. Labda kwa sababu nilikuwa nakabwa."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alikuwa ananitazama vile mtu anavyotazama kidonda kikubwa kinapofunuliwa, na kidonda kile ni mimi.

Nikafumba macho, nikanywa. Nilikunywa kama mtoto anayenyweshwa dawa, yakanipita shingoni, yakaingia kifuani. Nikamaliza.

"Yana ladha gani?"

"Ya maji."

"Ndivyo na mimi nilivyoyaonja," akasema. "Miaka yote. Maji tu."

 Nililia, na sitasema mengi juu ya hilo, mtu mzima akilia kamasi ni nyingi kuliko machozi. Baadaye nikasikia sauti yake.

"Kitendawili."

Nikashtuka. Yeye hategi. Hajawahi kutega hata siku moja, kazi yake kutegua.

"Tega."

"Nakaa juu kuliko ndugu zangu wote, mmenivisha dhahabu, na hakuna wa nyumbani anayenigusa."

Nikakitazama mikononi. "Kikombe."

"Sicho."

Nikafikiri. Nikatazama ukuta, nikatazama mkasi. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Sitaki mji!" Ndipo alipopandisha sauti, mpaka kule nje wakanyamaza. "Kila siku mji, mji, mji wenu! Mimi nimezaliwa chumba kimoja na ndugu sita, tunalala kama sindano kwenye pakiti. Mji gani niliopewa? Nikuoneshe hati yake? Jibu ni mimi. Mimi! Ulinipandisha juu kule ili usinifikie."

Nikakiweka kikombe chini. "Nisamehe, Kastabini."

"Sijui," akasema. "Kwa leo sijui. Kikombe kiache hapa."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi pia sijui. Lakini nikija," akanyoosha kidole kile kitupu, "nisikuone juu ya stuli."

Nilirudi na kitambaa mkononi. Jumatatu cherehani yake ilikuwa bado karibu na stoo. Na Jumatatu nyingine pia. Hatukununiana, ananisalimia, namsalimia. Siku moja, mashine nyingi zimenyamaza, nikatega moja kwa safu nzima, na kutoka mwisho kule nikasikia krr, krr, chuma kwenye sikio. Nikaupoteza mstari wa kola, ikabidi nifumue.

Jumamosi ya tatu, saa tisa, tuko mezani mimi na Nesi, mlango wazi. Kastabini akaingia. Hakuuliza kitu. Akavua viatu, akaketi kwenye kiti kile kile, akatazama kabati, rafu ya juu ambayo haina kitu. Halafu akanyoosha mkono taratibu, bila kunitazama, akakishika kikombe changu cha bati, chenye maji. Ti.

Na mkono wangu, jamani, mkono wangu ukaruka.

Niliudaka ukiwa njiani. Sikujua niupeleke wapi, nikausukuma chini ya paja, nikaukalia kwa uzito wangu wote.

Kastabini akaona. Akashikilia kikombe hewani. "Umeukalia mkono?"

"Nimeukalia."

Nesi alikuwa ameacha kuandika. Nilihisi vidole vyangu vinahangaika chini yangu kama kuku aliyefungwa.

"Basi usinyanyuke," Kastabini akasema, akanywa yote.